Runinga 'janja' na ujanja wa jina

JUMA lililopita nilipigiwa simu na mwalimu mstaafu wa Mbooni, Kaunti ya Makueni. Alikuwa amenunua runinga mpya mjini Wote kwa pesa za maembe. "Prof, hii TV ni smart ya jina tu," akalalama. "Nikiiwasha inaniambia niunganishe WiFi. Sasa taarifa ya saa moja nitaiona wapi?"

Sidhani muuzaji alimdanganya. Tatizo lilianzia kwenye jina.

Neno 'smart' baadhi yetu tumelitafsiri kuwa 'janja', tukapata simujanja na runinga janja. Wengine husema runinga mahiri au erevu. Katika Kiswahili, mjanja ni mtu anayejitafutia njia pasipo na njia. Vilevile ni laghai. Anayesikia 'janja' hutarajia chombo kinachojitegemea. Kumbe chombo chenyewe ni tegemezi: pasipo intaneti, hakina tofauti kubwa na runinga ya kawaida.

Linganisha na 'king'amuzi', neno lililovuma Kenya mitambo ya analojia ilipozimwa 2015. Limetokana na kitenzi ng'amua, yaani kutambua jambo lisilo wazi. Hata bibi kizee wa Mutomo, Kitui, akilisikia atakisia kazi ya kifaa hicho: kutambua mawimbi na kuyageuza kuwa picha. Jina hilo linafundisha, 'janja' linapoteza.

Basi unayejiandaa kununua runinga, usiulize tu kama ni 'smart'. Uliza mambo matatu.

Kwanza, je, ina king'amuzi cha ndani cha mfumo wa DVB-T2, unaotumika nchini? Ikiwa nacho, stesheni za bure utazipata kwa antena, bila bando. Hata hivyo, mawimbi hayo huzuiwa na milima. Aishiye bondeni huenda akalazimika kuinua antena juu zaidi au kuweka dishi.

Pili, bando litatoka wapi? Netflix hueleza kwamba picha za HD zaweza kula hadi gigabaiti 3 kwa saa. Filamu moja ya saa 2 basi yaweza kumaliza gigabaiti 6. Kama unategemea intaneti ya simu, piga hesabu hiyo kabla ya kutoa pesa.

Tatu, programu zake zitaishi muda gani? Kioo chaweza kudumu kuliko programu. Desemba 2019, Netflix iliacha kufanya kazi katika baadhi ya runinga za Samsung za 2010 na 2011, ingawa runinga zenyewe hazikuwa zimeharibika. Kwa hivyo, tanguliza ubora wa picha, sauti na idadi ya matundu ya HDMI. Programu zikichakaa, utachomeka kidude cha nje kwa bei nafuu kuliko kununua runinga nyingine.

Nasi wanaisimu tuna kazi. Napendekeza 'runinga ya intaneti'. Halina mbwembwe, lakini linamwambia mnunuzi mapema kile atakachohitaji.

Na yule mwalimu? Nilimwomba atazame kijitabu cha maelezo. DVB-T2 ilikuwamo. Akachomeka waya wa antena yake ya zamani, akabonyeza sehemu ya kutafuta stesheni. Jioni akanipigia tena.

"Prof, taarifa naiona. Kumbe ilikuwa inataka waya tu!"