Goti Huharibika Kabla ya Kuuma

Kutoka Mtwapa hadi Malindi, goti likianza kuuma lawama huangukia uzee. Lawama hiyo huja imechelewa miaka mingi. Gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa ndani ya goti, hauna mishipa ya damu wala ya fahamu: hulika bila kuuma, na ukishalika haujirudishi vizuri. Hata eksirei haiuoni. Huonyesha tu kwamba mifupa imekaribiana, na hapo hasara imeshaingia. Umri unachangia, sikatai, lakini wanaolika magoti mapema wana sababu nyingine. Ya kwanza ni jeraha. Kijana anayekatika kano ya goti uwanjani au kwenye ajali ya bodaboda anaweza kupona, akatembea, akasahau. Ila takriban nusu ya watu wa namna hiyo hupata ugonjwa wa kulika goti ndani ya miaka 10 hadi 20, yaani wengine kabla ya kufika 40. Ya pili ni kazi. Huko Framingham, Marekani, utafiti wa 1991 uliona kwamba wanaume waliofanya kazi za kukunja magoti huku wakibeba mizigo walikuwa na hatari maradufu ya ugonjwa huo. Mchimba mawe wa matimbo ya Kilifi, anayechuchumaa kisha akainuka na jiwe, hana tofauti nao.

Wapo watakaosema wazee wetu walitembea kwenda shamba maisha yao yote na magoti yakawatosha. Kweli, na kutembea si adui, wala kukimbia. Uchambuzi wa 2017 ulikuta ugonjwa wa nyonga au goti kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kujifurahisha, na zaidi ya asilimia 10 ya wasiokimbia. Kilichobadilika ni uzito: mwaka 2014 mwanamke mmoja kati ya watatu nchini Kenya alikuwa na uzito uliozidi. Pingamizi zito zaidi ni la riziki, kwani nani ataacha timbo? Hakuna anayemtaka aache. Mawe yapangwe usawa wa kiuno, mama afulie kwenye kigoda, misuli ya paja iimarishwe, kwani ndiyo inayopunguza kishindo gotini. Wanawake wa Framingham waliopungua kilo 5 hivi katika miaka kumi walipunguza hatari kwa zaidi ya nusu. Na kijana ambaye goti lake lilifura baada ya kuanguka asirudi uwanjani kabla ya kupimwa na daktari wa mifupa, hata kama haliumi tena.