Wino Uliotakiwa Kuyeyuka

Usiku wa tarehe 30 Oktoba 1942, kaskazini ya delta ya mto Nile, nyambizi ya Kijerumani U-559 ilipanda juu ya maji ikiwa hoi. Manowari za Waingereza zilikuwa zimeiandama tangu mchana, zikiimiminia mabomu ya chini ya maji saa baada ya saa. Wanamaji wake wakafungua vali ili maji yaingie na chombo kizame, kisha wakajitosa baharini. Karatasi zao wakaziacha ndani.

Kutoka manowari HMS Petard, Luteni Anthony Fasson na baharia Colin Grazier waliogelea hadi kwenye nyambizi ile na kuteremka tumboni mwake. Tommy Brown, mhudumu wa kantini mwenye miaka 16 aliyedanganya umri wake ili apate kazi melini, akawafuata. Yeye alikuwa akipanda na kushuka ngazi, anapokea vitabu kutoka chini na kuvikabidhi kwa waliokuwa kwenye mashua. Maji yalipozidi ndani, aliwaita wenzake watoke. Walianza kupanda, lakini nyambizi ikatitia ghafla. Brown aliruka akapona, Fasson na Grazier wakaenda nayo.

Jeshi la majini la Ujerumani lilikuwa limeifikiria mapema hatari ya vitabu kutekwa. Vitabu vyake vya siri vilichapwa kwa wino unaoyeyuka, ili vikilowa tu maandishi yatoweke. Hesabu ilikuwa nzuri, ila ilitegemea maji yafike kabla ya adui.

Vitabu hivyo vilitumika pamoja na Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuficha ujumbe. Masimulizi ya mashine hiyo kwa kawaida huwa sifa kwa wafumbuzi wa Bletchley Park, kituo cha Waingereza cha kufumbua misimbo, na sifa hizo ni haki yao, mradi tusiwasahau Wapoland walioanza kulifumbua fumbo hilo mwaka 1932. Mimi hunivutia zaidi upande wa walioshindwa. Siri ya nyambizi za Admirali Karl Dönitz ilimomonyoka kwa miaka, mbele ya macho ya maofisa wasomi na makini, na hadi vita vinaisha hawakukiri kwamba imekwisha. Watu wa namna hiyo hufikaje hapo?

Mashine yenyewe haikuwa dhaifu kiasi hicho. Ilibuniwa kwa kudhani kwamba siku moja adui ataipata, na kwamba akikosa funguo za siku hiyo, yaani jinsi ya kuipanga, itakuwa chuma tu mkononi mwake. Kumbe udhaifu ulikuwa katika vitu vidogo vilivyoizunguka. Mwaka 1941 kijana wa Bletchley, Harry Hinsley, aliona kwamba meli ndogo za Kijerumani zinazopima hali ya hewa katika bahari za kaskazini hukaa huko muda mrefu, kwa hiyo lazima zibebe funguo za mwezi unaofuata pia. Meli hizo hazikuwa na ulinzi wa maana. Waingereza wakaivamia München mwezi Mei, na Lauenburg mwezi Juni. Katikati ya hayo, tarehe 9 Mei, wakaikamata nyambizi U-110 ikiwa na mashine na vitabu vyake, na mateka wakasukumwa haraka chini ya sitaha ili wasione kwamba chombo chao kimeingiliwa.

Wajerumani walihisi jambo. Septemba mwaka huohuo nyambizi zao zilipokutana faraghani katika ghuba ya Tarrafal, visiwa vya Cape Verde, nyambizi ya Kiingereza iliwatokea palepale. Dönitz akataka maelezo. Aliyepewa kazi ya kuchunguza ni Admirali Erhard Maertens, mkuu wa mawasiliano ya jeshi la majini, yaani mwenye dhamana ya mfumo uleule unaotiliwa shaka. Akajibu kwamba siri iko salama. Simtuhumu kwa uongo. Kila tukio alilitazama peke yake, na kila tukio likitazamwa peke yake lina sababu yake nyingine: mpelelezi, rada, vipima mwelekeo wa mawimbi ya redio, bahati mbaya. Sababu nyingine hizo zilikuwa za kweli pia, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Haki itendeke, Dönitz hakukaa bure. Tarehe 1 Februari 1942 nyambizi zake za Atlantiki zilianza kutumia Enigma yenye gurudumu la nne la kuchanganya herufi, na Bletchley ikaingia gizani kwa zaidi ya miezi kumi. Mwaka huo nyambizi za Ujerumani na washirika wake zilizamisha zaidi ya tani milioni 6 za meli.

Giza hilo liliondolewa na kijitabu kimoja kati ya vile alivyopokea Brown, kitabu cha kufupisha taarifa za hali ya hewa. Vituo vya nchi kavu vilivyopokea taarifa hizo bado vilikuwa na mashine za magurudumu matatu, hivyo nyambizi zililiweka gurudumu la nne mahali ambapo halifanyi kazi yoyote. Bletchley tayari ilizisoma taarifa za hali ya hewa katika msimbo mwingine, kwa hiyo ilijua ujumbe unasema nini kabla ya kuufumbua. Magurudumu matatu yakishajulikana, la nne lilibaki na nafasi 26 tu za kujaribu. Tarehe 13 Desemba 1942 mlango ukafunguka. Ulinzi mpya ulikuwa umejengwa juu ya mazoea ya zamani, na mazoea yakaubomoa.

Dönitz, kwa upande wake, alitaka kuziongoza nyambizi kutoka makao makuu kama mchezaji wa bao anayegawa kete. Kila moja iliripoti ilipo, mafuta yaliyobaki na meli ilizoziona. Kila ripoti ilikuwa ujumbe mwingine wa kufumbuliwa. Hata walionusa hatari hawakuweza kuzinyamazisha redio, maana bila redio mbinu nzima ya kuwinda kwa kundi ingekufa.

Mei 1943 Wajerumani walipoteza nyambizi 41, na tarehe 24 Dönitz akaziondoa zilizobaki Atlantiki ya Kaskazini. Si Enigma pekee iliyofanya hivyo. Ndege za masafa marefu na rada mpya zilikuwa na sehemu kubwa. Lakini tazama lililofuata. Rubani mmoja Mwingereza aliyetekwa aliwaambia kwamba ndege za Waingereza hufuata mawimbi yanayovuja kutoka kipokezi cha Metox, ambacho nyambizi zilikitumia kunusa rada. Waliamini. Agosti wakakipiga marufuku. Neno la mateka lilipita kirahisi mahali ambapo shaka juu ya Enigma ilikuwa imegota mara kadhaa.

    

Takriban wanamaji watatu kati ya kila wanne waliokwenda baharini na nyambizi za Dönitz hawakurudi. Yeye alibaki, akaandika kumbukumbu zake, akafariki mwaka 1980. Siri ya kufumbuliwa kwa Enigma ilitoka hadharani Uingereza mwaka 1974, kwa hiyo aliishi kuisikia. Tommy Brown hakuisikia. Alikufa mwaka 1945 katika moto nyumbani kwao North Shields, akijaribu kumwokoa dada yake mdogo. Alitunukiwa nishani ya George Medal, na kwa karibu miaka thelathini baada ya kifo chake umma haukuambiwa vitabu vile vilikuwa vya nini.