Bustani ya wanyama ya Entebbe: masaa mangapi yanamtosha msafiri wa Butembo na Beni?

BUTEMBO – Likizo kubwa inapokaribia, swali moja linarudi katika nyumba nyingi za Butembo na Beni zenye safari ya Kampala: watoto tuwapeleke Entebbe kuona wanyama? Na tukiwapeleka, tuwape muda gani? Mfanyabiashara anaenda kuleta mali, mgonjwa anaenda kumwona daktari, mama anaenda kwenye arusi ya mtoto wa dada yake. Bustani ya wanyama inawekwa mwisho wa orodha na kupewa muda utakaobaki.

Kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe, likizo mbili zilizopita. Nilisafiri na watoto wawili wa dada yangu, msichana wa miaka 9 na kaka yake wa miaka 12, wanaoishi kwetu Butembo tangu familia yao ilipokimbia Oicha. Msichana alikuwa anamjua simba kutoka kwenye simu, na twiga kutoka kwenye noti ya franka 20000. Asubuhi nilizunguka Kampala nikitafuta vipuri vya pikipiki. Tulipofika kwenye mlango wa bustani, ilikuwa imebaki saa moja na nusu kabla ya gari letu kugeuza.

Msichana alisimama mbele ya yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu. Ndege huyo anaweza kukaa bila kutikisika muda mrefu sana, maana ndivyo anavyovizia samaki kwenye mabwawa. Mtoto alitaka kumwona akitembea. Mimi nilimvuta mkono, nikisema simba bado. Tulipowafikia, simba walikuwa wamelala nyuma ya majani, sikio moja tu likionekana. Sokwe walikuwa wamekwisha kula na kuondoka karibu na maji. Usiku kwenye basi aliniuliza kama ndege yule mwishowe alitembea. Sikuwa na jibu.

Hesabu ya muda, basi, inaanzia huku kwetu. Butembo hadi Beni ni kilometa 54, Beni hadi Kasindi ni kama 80, na sehemu ya barabara hiyo inapita ndani ya Mbuga ya Virunga. Kwa miaka mingi wasafiri wamekuwa wakiipita wakitazama saa, si kwa ajili ya tembo, bali kwa hofu ya mavamizi ya waasi wa ADF. Hakuna anayesimamisha gari pale aonyeshe mtoto nyani. Halafu kuna mpaka. Ukivuka mto Lubiriha kuingia Mpondwe, unapoteza saa nzima hata kama hakuna foleni, kwa kuwa saa ya Uganda iko mbele ya saa yetu. Kasindi jua likichomoza saa 12, upande wa pili ni saa 1. Wengi wanasahau jambo hili, wanachelewa basi, na hiyo saa wanaikata kwenye sehemu ya watoto. Na karatasi za watoto zitazamwe nyumbani kabla ya kuondoka: sisi tulikwama mpakani karibu masaa mawili kwa sababu jina moja nililiandika vibaya mwenyewe.

Kutoka Mpondwe hadi Kampala ni zaidi ya kilometa 400. Anayepita njia ya Mbarara anavuka mbuga ya Queen Elizabeth, na hapo, akiwa na bahati, ataona tembo au swala bila kulipa chochote, kupitia dirisha la basi. Mpe mtoto kiti cha dirishani na umwamshe kabla ya daraja la Katunguru. Basi la usiku linakuokolea pesa za hoteli lakini linakunyima hilo. Tena mtoto aliyelala vibaya usiku kucha hawezi kutembea bustanini asubuhi. Atabebwa mgongoni, na mtu mzima atachoka kabla ya saa 5. Kwa maoni yangu, siku ya kufika isiwe siku ya Entebbe. Lala kwanza.

Kampala na Entebbe zinatengana kwa kilometa kama 40. Barabara mpya ya kulipia, iliyofunguliwa mwaka 2018, imepunguza safari kwa mwenye gari, lakini aliyepanda taksi kwenye maegesho ya katikati ya mji bado anaweza kukaa kwenye msongamano muda mrefu. Kwa hiyo wasafiri waliozoea njia hii wanalala Entebbe kwenyewe, au wanatoka Kampala alfajiri.

Kituo chenyewe, Uganda Wildlife Education Centre, kiko ukingoni mwa ziwa Victoria. Kilianza mwaka 1952 kama makao ya wanyama yatima, kikawa bustani ya wanyama, na mwaka 1994 kikapewa kazi ya kufundisha watu. Wanyama wengi pale wameokolewa kutoka mikononi mwa wawindaji haramu na wauzaji, na walezi wanaijua hadithi ya kila mmoja. Ukiwa na haraka, hadithi hizo huzisikii. Unaona mnyama nyuma ya uzio, basi.

Si bustani kubwa kama zile za Ulaya. Mtu mzima anaweza kuizunguka yote kwa masaa mawili bila kukimbia. Ndiyo sababu wengi wanadhani masaa mawili yanatosha. Lakini wanyama hawafuati ratiba ya mgeni. Simba hulala sehemu kubwa ya siku, na kati ya saa 6 na saa 9 mchana, jua likiwa kali, karibu kila mnyama anatafuta kivuli. Wakati mzuri ni asubuhi mlango unapofunguliwa, au jioni jua likipoa. Kitu cha kwanza cha kuuliza mlangoni, kabla hata ya choo, ni saa za kuwalisha wanyama siku hiyo. Sokwe wanakaa kwenye kisiwa kidogo kilichozungukwa na maji, kwa kuwa hawajui kuogelea. Chakula kikija wanasogea karibu, wananyang'anyana, wanapiga kelele. Nusu saa hiyo inashinda masaa matatu ya kutembea kati ya uzio na uzio. Cha pili, uliza bei, kwa kuwa mwenyeji na mgeni hawalipi sawa, na Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022.

Mtoto wa chini ya miaka 5, masaa mawili na nusu yanamtosha, hata kama umelipa siku nzima. Baada ya hapo anataka maji, anataka kubebwa, anaangalia chungu kuliko kifaru. Wa miaka 8 hadi 14, mpe asubuhi nzima, masaa manne au matano, na mapumziko ya kula katikati. Siku nzima inafaa ikiwa familia ni kubwa na wazee wamo, kwa kuwa wazee wanakwenda polepole na ziwa liko pale pale la kukaa mbele yake.

Ndugu zetu walioko Ubelgiji wanacheka wakisikia hesabu hii. Pairi Daiza, bustani inayopendwa sana na familia za Wakongo kule, siku moja haiimalizi. Antwerp, iliyofunguliwa mwaka 1843, ni ndogo zaidi na iko kando ya stesheni kubwa ya treni, lakini ina mnyama ambaye Entebbe hana: okapi. Bustani hiyo ilipata okapi wake wa kwanza mwaka 1919, kutoka kwetu. Ni ajabu kwamba mtoto wa Mnande aliyezaliwa Ubelgiji anamwona okapi kwa nusu siku, na mtoto wa Beni anaisikia tu Radio Okapi.

Maana mtu anaweza kuuliza: kwa nini Uganda? Epulu, katika Ituri, ilikuwa na kituo cha okapi. Tarehe 24 Juni 2012 wapiganaji wa Mai-Mai Simba walikivamia, wakaua watu, na okapi wote 14 wa kituo wakapotea hivyo. Virunga, mbuga ya kwanza ya Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1925, inaanza mlangoni mwa Beni, lakini nani atapeleka mtoto kutembea ndani yake leo? Na njia ya kusini, kwenda kwa sokwe wakubwa wa Rumangabo, iko mikononi mwa M23. Hata kifaru aliyemshangaza mpwa wangu Entebbe, aina yake ya kaskazini imekwisha Garamba. Wale 16 walioletwa huko mwaka 2023 walitoka Afrika Kusini. Kwa familia nyingi za hapa, asubuhi ile moja ya Entebbe ndiyo mbuga yote watakayoiona miaka hii.

Mwaka jana tulirudi. Safari hii vipuri vilisubiri siku ya pili. Tulilala Entebbe, tukawa mlangoni kabla haujafunguliwa, na nilimwachia msichana achague pa kuanzia. Hakuchagua simba. Alikwenda moja kwa moja kwa ndege wake, akakaa chini. Kaka yake alilalamika, akaenda na mimi kuwaona sokwe wakila, tukarudi, yeye bado amekaa. Mlezi mmoja alimweleza kwamba ndege wa aina hiyo humpa mwenzake salamu kwa kuinamisha kichwa.

Baada ya kama dakika 50 ndege aliinua mguu mmoja, akauweka mbele, kisha wa pili. Hatua nne kwa jumla. Tulitoka pale saa 8 mchana, watoto wamechoka. Simba hatukuwafikia.