Kuzuia uonevu shuleni: je, mipango hii inasaidia?

Wazazi na viongozi wa familia zilizokimbilia Kamina wanatuuliza: mafunzo haya ya kuzuia uonevu yanaleta nini? Walimu wanakwenda semina, wanarudi, na mtoto bado anachekwa kwa lafudhi yake na kuitwa mkimbizi. Swali hilo ni la haki.

Yanasaidia, lakini si sana, na si kila namna. Mwaka 2019 watafiti walikusanya matokeo ya majaribio 100 hivi, mengi ya Ulaya na Marekani. Uonevu ulipungua kwa karibu sehemu moja kati ya tano.

Kwetu pia ilijaribiwa. Kuanzia 2011, Katanga ikiwa bado mkoa mmoja, shirika la IRC lilifundisha walimu wa shule za msingi huku na Kivu. Baada ya mwaka, wanafunzi walisema walimu wanawajali zaidi. Lakini kuonewa na wenzao hakukupungua. Hatushangai. Mtoto haonewi mbele ya mwalimu. Anaonewa chooni, kisimani, njiani. Na tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2019, madarasa yamejaa zaidi.

Wilayani Luwero, Uganda, shule 42 zilishiriki jaribio la miezi 18. Mpango uliwaingiza mkurugenzi, walimu, wazazi na wanafunzi wenyewe. Katika shule zenye mpango, wanafunzi 31 kwa 100 walisema wamepigwa na wafanyakazi wa shule juma lililopita. Katika shule nyingine walikuwa 49. Hiyo ni fimbo ya mkubwa, ndiyo. Lakini mtoto anayepigwa na mkubwa hujifunza kumpiga mdogo.

Kuna pia maneno ya nyumbani. Mwezi wa 11 mwaka 2023, watu wenye asili ya Kasai waliposhambuliwa Malemba-Nkulu, matusi ya kabila yalitoka kwa watu wazima. Semina ya walimu haifiki huko. Machifu, wachungaji na ninyi wazazi mnafika.

Basi mpango ukija shuleni kwenu, ulizeni: mkurugenzi yumo? Familia zilizohama zina mtu wao katika kamati ya wazazi, COPA? Mtoto akionewa amwambie nani, na huyo atafanya nini kabla juma halijaisha? Utadumu mwaka mzima, au siku mbili tu?

Mtoto akikataa kwenda shule, msimwambie arudishe ngumi. Andikeni siku, mahali na kilichotendeka, mpelekeeni mkurugenzi, na nakala mwipe COPA.