Mbinu za kumweka paka mzururaji salama katika nyumba ya chumba kimoja

PAKA wa nyumba za mabati katika mitaa ya Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, hafugwi kwa ajili ya urembo. Huletwa akiwa mchanga, mara nyingi kwa kuombwa kutoka kwa jirani, apambane na panya wanaotoboa magunia ya unga na kutafuna nguo na vitabu vya watoto. Ajabu ni kwamba paka huyo huyo, akishazoea kutoka usiku, mara kwa mara huuawa na sumu iliyotegewa panya katika ploti ya pili.

Sumu hizo huuzwa na wachuuzi kando ya barabara na karibu na vituo vya matatu. Zile zinazozuia damu kuganda hazimuui panya papo hapo. Panya huchukua siku kadhaa akitembea kwa unyonge, na katika siku hizo ndipo huwa windo rahisi kupita yote. Paka anayekula panya wa aina hiyo mara kwa mara huanza kuvuja damu ndani ya mwili. Ufizi wake hupauka, hukataa chakula na kujificha chini ya kitanda. Wengi hukimbilia kumnywesha maziwa, lakini maziwa hayaondoi sumu mwilini. Anachohitaji ni daktari wa mifugo atakayempa vitamini K mapema. Baadhi ya sumu nyingine, hasa dawa za wadudu wa shambani zinazouzwa kwa siri kama dawa ya panya, humtetemesha na kumtoa povu, na huenda akafa kabla ya kucha.

Sumu si hatari ya pekee. Reli inakatiza katikati ya Kibera, na tangu nyumba zilipobomolewa Julai 2018 kupisha ujenzi wa barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, magari hupita kwa kasi mahali palipokuwa na vichochoro. Kule Kawangware, Naivasha Road haitulii mchana wala usiku. Kisha kuna mbwa wanaorandaranda kwenye majaa ya taka.

Mbwa hao ndio wanaoleta tishio kubwa kwa binadamu. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa huenezwa hasa na mbwa, lakini paka aliyeumwa na mbwa mgonjwa huupata na anaweza kumwambukiza mtoto kwa kumng'ata. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Serikali ya Kenya ilizindua mwaka 2014 mkakati wa kumaliza vifo vya binadamu kutokana na ugonjwa huo kufikia 2030. Paka huchanjwa akiwa na umri wa miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kwa ratiba ya daktari. Anayeng'atwa anapaswa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo.

Sasa, paka azuiwe vipi katika chumba cha futi 10 kwa 10? Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaosafiri na paka wao katika magari makubwa yenye kitanda na jiko ndani, na tatizo lao halitofautiani sana na la mpangaji wa Gatwekera au Gatina: chumba kimoja, mlango mmoja, na mnyama anayesubiri mlango huo ufunguliwe.

Mlango ndio kiini cha jambo lote. Vyumba vingi havina dirisha la maana, kwa hivyo mlango huachwa wazi mchana na kufunikwa kwa pazia. Pazia halimzuii paka hata kidogo. Fundi wa seremala wa mtaani anaweza kutengeneza fremu nyepesi ya mbao, iliyowambwa wavu wa kuku, ikafungwa kwa bawaba upande wa ndani. Hewa na mwanga huingia, paka hubaki. Fremu hiyo isiwe fupi, kwa sababu paka mzima huruka zaidi ya mita moja bila taabu.

Mwanya wa pili haufikiriwi na wengi. Katika ploti nyingi, ukuta unaotenganisha chumba na chumba haufiki kwenye paa. Panya hupita hapo kutoka kwa jirani hadi kwa jirani, na paka huwafuata. Hapo ndipo ugomvi wa samaki aliyepotea sufuriani huanzia. Mwanya huo uzibwe kwa wavu, wala si kwa katoni, kwa kuwa katoni hutafunwa. Kipimo ni rahisi: tundu linalopitisha kichwa cha paka karibu kila mara litapitisha mwili wake wote.

Kumfunga kamba shingoni ni kosa. Paka hupanda, huruka, na kamba ikinasa kwenye msumari hujinyonga. Kama ni lazima afungwe kwa muda mfupi, mtu akiwapo, atumie mikanda inayozunguka kifua.

Hata hivyo, wavu peke yake hautoshi ikiwa mnyama mwenyewe ana sababu ya kutoka. Dume lisilohasiwa litanusa jike lililo na joto kutoka mbali na litalia usiku kucha mpaka ploti nzima iamke. Jike nalo linaweza kushika mimba likiwa na miezi minne tu. Kuhasi dume na kufunga jike kizazi hupunguza uzururaji kuliko mbinu nyingine yoyote. Wakazi wa Kawangware hawako mbali na kitivo cha matibabu ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilichoko Kabete, na chama cha kulinda wanyama, KSPCA, kina makao yake upande wa Lang'ata Road.

Njaa ni sababu nyingine. Kuna dhana kwamba paka akishiba hatawinda. Dhana hiyo si sahihi: paka huwinda kwa silika, hata aliyeshiba. Ugali na maziwa haviwezi kumtunza, kwani mwili wake huhitaji nyama au samaki ili moyo na macho vifanye kazi sawasawa. Omena iliyochemshwa bila chumvi, au matumbo kidogo, itamfaa zaidi. Alishwe jioni, wakati ule ule anapotamani kutoka, kwa kuwa paka huchangamka zaidi machweo na alfajiri. Akiugua, asipewe kamwe tembe za paracetamol. Hata moja inaweza kumuua.

Anayefungiwa ndani huhitaji choo. Beseni kuukuu lenye mchanga mkavu linatosha. Kinyesi kitolewe kila siku, kwa sababu vijidudu vya toksoplasma vilivyomo huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Mama mjamzito asiifanye kazi hiyo.

Jiko la makaa, stovu ya mafuta ya taa na koroboi viwekwe mahali paka asipofika. Katika mtaa ambako nyumba zimebanana hivi, taa iliyoangushwa si hasara ya chumba kimoja. Adhuhuri, mabati yanapochemka, asiachwe amefungiwa bila maji na bila hewa. Ni afadhali kumwachia jirani anayeaminika kuliko kumpika akiwa hai.

Paka hupotea zaidi familia inapohama. Hushikamana na mahali, na akifunguliwa mapema hurudi kwenye nyumba ya zamani hata kama imeshabomolewa. Abebwe ndani ya kikapu chenye kifuniko au katoni iliyotobolewa, pamoja na shuka kuukuu lenye harufu anayoijua. Katika nyumba mpya afungiwe wiki mbili au tatu. Kisha atolewe kwa mara ya kwanza jioni, kabla hajala, mlango ukiwa wazi na chakula chake kikiwa tayari ndani.