Mtoto wa Mbwa Halishwi Chakula cha Kuku wa Mayai

Leo tuweke pembeni kidogo bei ya mayai na chanjo ya kideri, tuongelee mlinzi wa banda. Namaanisha mbwa. Tena si yule mkubwa anayebweka usiku, ni yule mdogo ambaye bado anajikwaa kwenye miguu yake mwenyewe.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa huku Mlandizi, mwenye kuku 600 wa mayai, alinipigia simu saa moja asubuhi. "Dokta, njoo umwone mbwa wangu, miguu inapinda." (Mimi si daktari, nina diploma ya mifugo, lakini ukishashika bomba la sindano huku kwetu jina hilo hulikwepi.) Vicheche walikuwa wamemmalizia kuku kumi na kitu ndani ya wiki mbili, akaamua kununua chotara wa German Shepherd. Alimchukua akiwa na wiki tano tu, kwa sababu muuzaji alimwambia "ukimchukua mdogo anakuzoea haraka".

Nilimkuta ana wiki tisa, amelala kwenye sementi tupu mlangoni mwa stoo. Tumbo limejaa kama ngoma, mbavu unazihesabu, manyoya yamesimama, miguu ya mbele imetanuka kwenda nje. Tukampandisha kwenye mzani anaopimia chakula cha kuku: kilo 2.1. Chotara wa aina ile kwa umri ule alitakiwa awe na karibu mara mbili ya hapo.

Nikamuuliza anampa nini. "Asubuhi maziwa ya ng'ombe, jioni chakula cha kuku nakiloweka. Si kina protini na madini yote, dokta? Mbona kuku wanataga vizuri?"

Sikumcheka. Mimi mwenyewe, mwaka wa kwanza kazini, niliua mtoto wa mbwa kwa ujuaji. Nilikuwa namlisha asubuhi kabla ya kwenda kwa wakulima na jioni nikirudi, kama mbwa mkubwa. Siku moja nilichelewa mpaka saa tatu usiku. Nilimkuta wa baridi, amelegea, fizi nyeupe. Alikufa kabla hakujakucha. Mtoto wa mbwa, hasa mwenye mwili mdogo na aliye chini ya miezi mitatu, hana akiba ya sukari mwilini. Akikaa na njaa saa nyingi, sukari ya damu inashuka, anatetemeka, anaanguka. Ukimkuta katika hali hiyo mpake asali au maji mazito ya sukari kwenye fizi kwa kidole, mfunike apate joto, kisha umkimbize kwa mtaalamu. Usimmiminie mdomoni akiwa amelegea, itaingia kwenye mapafu.

Kwa hiyo hadi miezi mitatu milo ni minne kwa siku. Kutoka hapo hadi miezi sita ni mitatu, halafu miwili. Kama upo shamba na ratiba haikuruhusu, mpe kazi hiyo mtu wa nyumbani, na mweleze kwa nini.

Sasa turudi kwenye kile chakula cha kuku. Kuku wa mayai anatengeneza ganda karibu kila siku, ndiyo maana chakula chake kina kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4. Mtoto wa mbwa anahitaji asilimia 1 na kitu hivi. Kalsiamu ikizidi kiasi hicho mifupa yake haijengeki sawasawa, na wanaoumia zaidi ni mbwa wa mbegu kubwa kama huyu chotara. Halafu protini. Chakula cha kuku wa mayai kina kama asilimia 16 au 17, wakati mtoto wa mbwa asishuke chini ya 22. Yaani anapata chokaa kupita kiasi huku anakosa cha kujengea nyama.

Na maziwa ya ng'ombe? Maziwa ya mama mbwa yana protini na mafuta karibu mara mbili ya hayo, na sukari yake ya maziwa ni kidogo zaidi. Ndiyo maana ukimjaza mtoto maziwa ya ng'ombe mara nyingi anaharisha. Dawa ya hilo ni kumwacha kwa mama yake hadi wiki nane. Akifika wiki ya tatu au ya nne anaanza kulambishwa chakula laini, taratibu, huku bado ananyonya. Muuzaji akikuharakisha na wiki tano, mwambie utamlipia chakula cha wiki tatu lakini abaki kwa mama yake. Hiyo hela ni ndogo kuliko utakayotumia baadaye.

Basi tukakaa chini na karatasi. Wengi wenu mnaujua mraba wa Pearson kwenye kuchanganya chakula cha kuku, na hapa unafanya kazi vilevile. Unga wa dona una protini kama asilimia 9, dagaa wakavu kama 60. Tukilenga 25 inatoka sehemu 35 za unga kwa sehemu 16 za dagaa, yaani karibu mbili kwa moja. Kwa mbwa wa kilo 2 tulianza na gramu 70 za unga na gramu 35 za dagaa kwa siku nzima, zikigawanywa milo minne. Dagaa wanatwangwa na mifupa yao, hapo ndipo kalsiamu inapotoka kwa kiasi kinachofaa. Pika uji mzito uive kabisa, weka kijiko cha chai cha mafuta ya alizeti, usiweke chumvi wala kitunguu (kitunguu kinaharibu damu ya mbwa). Mayai yaliyopasuka bandani yachemshe umchanganyie, ini kidogo mara moja kwa wiki. Maji safi yasikauke.

Ila dagaa wawe wa kula watu. Wale wa mifugo mara nyingi wana mchanga na chumvi nyingi.

Na unga pia. Nilipofungua gunia lake la mahindi ya mbwa nilikuta ukungu wa kijani. "Haya ni mabovu, nikaona mbwa atamaliza." Hapana, kaka. Sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoidhurika haraka, inashambulia ini. Kupika hakuiondoi. Tukaenda kulichoma lile gunia nyuma ya nyumba, na aliumia, nilimwona usoni.

Kuku waliokufa bandani nao usimrushie. Hujui wamekufa na nini, na unamfundisha mlinzi wako kuwa kuku ni chakula. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka kama vijiti na kutoboa utumbo.

Lile tumbo la ngoma lilikuwa minyoo. Mtoto wa mbwa anaipata tangu tumboni kwa mama na kwenye maziwa, kwa hiyo usisubiri dalili. Dawa inaanza wiki ya pili, inarudiwa kila wiki mbili hadi wiki ya nane, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Pima uzito kwanza. Dawa ya mbuzi usimkadirie kwa macho. Levamisole kwa mfano, ikizidi kidogo tu inamdhuru mbwa. Huyu tulimpa pairanteli, kesho yake akatoa minyoo kama tambi. Mizoga hiyo na kinyesi fukia, maana mayai yake yanawaingia na watoto wa nyumbani.

Nikamwambia pia amtoe kwenye sementi. Yeye ambaye hawezi kulala kama taa ya vifaranga imezimika, mbwa anamlaza sakafuni! Boksi na gunia kavu vinatosha.

Halafu mzani, kila Jumapili. Anayetarajiwa kufika kilo 25 anapaswa kuongeza kama gramu 50 hadi 100 kwa siku. Akizidi sana punguza, unene nao unaelemea viungo. Akisimama wiki nzima bila kuongezeka, piga simu.

Nilirudi baada ya wiki tatu. Kilo 3.6, manyoya yamelala, mguu wa kulia umenyooka, wa kushoto bado una kona kidogo. Chanjo ya parvo ilikuwa imechelewa, inatakiwa ianze wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa hadi wiki ya 16, kwa hiyo tuliianza ile siku ya kwanza na tunaendelea nayo. Siku hiyo alikuwa ametimiza miezi mitatu, tukampiga na ya kichaa cha mbwa. Kadi yake ipo kwenye faili la banda, nyuma ya rekodi za mayai, na tarehe ya mwakani imeandikwa kwa kalamu nyekundu.