Garissa: Mipaka, Hesabu ya Watu na Kura

Msafiri atokaye Thika kwa njia kuu ya mashariki, baada ya kuvuka daraja la Mto Tana, huingia mji wa Garissa, na papo hapo huwa amekwisha kuingia katika nchi ya Kaskazini Mashariki ya Kenya. Upande wa mashariki nchi hii imepakana na Somalia, kusini Lamu, magharibi Tana River, kaskazini Wajir, na kaskazini magharibi Isiolo. Upana wake ni zaidi ya kilomita 44,000 za mraba. Wenyeji walio wengi ni Wasomali wa ukoo mkubwa wa Ogaden, nao ni Abdwak, Aulihan na Abdalla. Na kandokando ya mto wako Wamunyoyaya, ambao ni wakulima. Mjini wamo pia wafanya biashara na makarani waliotoka sehemu nyingine za Kenya.

Katika nchi kubwa namna hii, yenye watu waliotawanyika, kuchora mpaka wa eneo la uchaguzi si kazi nyepesi. Wala si jambo la wabunge peke yao. Tangu sheria ya mwaka 2003 ilipoanzisha mfuko wa maendeleo kwa kila eneo bunge, mpaka umekuwa na maana ya darasa, kisima na karo ya mtoto wa maskini. Sehemu kubwa ya fedha hizo iligawanywa sawasawa kwa kila eneo, hivyo kupata eneo moja zaidi ni kupata fungu moja zaidi.

Mipaka ya zamani

Garissa ilikuwa sehemu ya wilaya zilizoitwa Northern Frontier District. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia nchi ya Jubaland, na tangu hapo watu wa ukoo mmoja wakawa pande mbili za mpaka. Mwaka 1926 wilaya za kaskazini zilifungwa kwa sheria: mtu hakuweza kuingia wala kutoka pasipo ruhusa. Mwaka 1934 sheria nyingine ikawapa maofisa mamlaka ya kuwapangia makabila mahali pa kulisha mifugo. Basi mwenyeji wa Garissa aliujua mpaka miaka mingi kabla ya kuijua kura. Wakati Waafrika wa Kenya walipowachagua wajumbe wao wanane wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, Machi 1957, watu wa kaskazini hawakuwa na kiti hata kimoja kati ya hivyo.

Mwaka 1962, baada ya mkutano wa Lancaster House huko London, Serikali ya Uingereza ilituma tume ya watu wawili, Bwana Onyiuke wa Nigeria na Meja Jenerali Bogert wa Kanada, wakasikilize maoni ya wenyeji. Tume iliona kwamba Wasomali, waliokuwa wengi, walitaka kujitenga na kuungana na Somalia. Lakini Machi 1963 ilitangazwa kwamba nchi yao itakuwa Jimbo la saba la Kenya, lenye wilaya za Garissa, Wajir na Mandera. Isiolo, Marsabit na Moyale zikawekwa katika Jimbo la Mashariki.

Jibu la watu lilionekana katika uchaguzi wa Mei 1963. Wasomali walio wengi waliukataa uchaguzi huo, wakakaa mbali na masanduku ya kura. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na kabla mwezi haujaisha hali ya hatari ilitangazwa katika jimbo hilo. Vita viitwavyo vya Shifta vikaendelea mpaka mapatano ya Arusha ya mwaka 1967. Vita vilikwisha, lakini sheria za hali ya hatari zilibaki mpaka mwaka 1991. Kwa hiyo katika kila uchaguzi mkuu uliofanyika katika miaka hiyo, mpiga kura wa Garissa aliishi chini ya sheria ambazo mwenzake wa Nyeri au Kisumu hakuzijua. Novemba 1980 watu wa mtaa wa Bulla Kartasi mjini Garissa walipata maafa makubwa mikononi mwa askari, na mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walihojiwa wote ili wathibitishe uraia wao.

Hata hivyo, viongozi walitokea. Mwaka 1983 Hussein Maalim Mohamed wa Garissa aliingia katika Baraza la Mawaziri, Msomali wa kwanza kupata cheo hicho.

Dujis yagawanywa

Kwa miaka mingi Garissa ilikuwa na maeneo manne: Dujis, Lagdera, Fafi na Ijara. Dujis ndiyo iliyokuwa na mji wa Garissa pamoja na nchi ya wafugaji iliyo kaskazini ya mji. Katika uchaguzi wa mwaka 2007 Aden Duale alichaguliwa huko kwa tiketi ya ODM.

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 iliongeza maeneo bunge ya Kenya kutoka 210 mpaka 290. Mipaka mipya ilitangazwa mwaka 2012. Dujis ikagawanywa mara mbili. Mji ukawa Garissa Township, wenye kata za Waberi, Galbet, Township na Iftin. Na sehemu ya nje ikawa Balambala. Lagdera nayo ikazaa Dadaab. Hivyo Garissa ikawa na maeneo sita, na Kaskazini Mashariki nzima ikatoka maeneo 11 ikafika 18.

Katiba inataka kila eneo lilingane na wastani wa watu wa nchi, bali kwa miji mikubwa na nchi zenye watu wachache imeruhusu kupungua au kuzidi kwa asilimia 40. Kwa hesabu ya mwaka 2009 wastani ulikuwa watu wapatao 133,000 kwa eneo. Garissa ilihesabiwa kuwa na watu 623,060. Kama viti vingaligawanywa kwa vichwa tu, isingalifikia hata vitano. Ruhusa ile ndiyo iliyotoa nafasi ya sita.

Duale alichaguliwa tena katika Garissa Township mwaka 2013, 2017 na 2022, kila mara kwa tiketi ya chama kingine: URP, Jubilee, kisha UDA. Alipoteuliwa kuwa Waziri wa Ulinzi, uchaguzi mdogo ulifanyika tarehe 5 Januari 2023, akashinda Dekow Barrow Mohamed wa UDA. Katika Ijara, mwaka 2017, Sophia Abdi Noor alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kaskazini Mashariki kuchaguliwa mbunge wa eneo. Ushindi huo ulikuwa mkubwa, kwa maana katika nchi hii wazee wa koo wamezoea kukutana kabla ya uchaguzi na kugawana vyeo, na katika vikao hivyo sauti ya wanawake na vijana imekuwa ndogo.

Shida ya kuhesabu

Neno lililoleta ugomvi mkubwa ni hesabu ya watu. Mwaka 1999 wilaya tatu za Kaskazini Mashariki zilikuwa na watu 962,143. Mwaka 2009 zikahesabiwa 2,310,757. Serikali iliona ongezeko hilo haliaminiki, na Agosti 2010 ikafuta matokeo ya wilaya nane za kaskazini, Lagdera ikiwa mojawapo. Shauri likapelekwa mahakamani. Mwaka 2019 hesabu ikawa 2,490,073. Garissa ilipanda hadi 841,353, bali Mandera ilishuka kutoka 1,025,756 hadi 867,457. Safari hii viongozi wa kaskazini ndio waliolalamika kwamba watu wao wamepunguzwa. Januari 2025 Mahakama Kuu iliyoko Garissa ilibatilisha matokeo ya 2019 ya kaunti zote tatu, ikaamuru watu wahesabiwe upya.

Mwenye kufikiri atauona ugumu wenyewe. Hesabu za 1999, 2009 na 2019 zote zilianza usiku wa tarehe 24 Agosti. Uchaguzi mkuu nao, kwa amri ya Katiba, hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti. Mwezi huo Garissa ni kiangazi, na mfugaji hufuata majani na maji kuelekea mto au kusini. Karani wa hesabu asipomkuta leo, ataandika pungufu. Akimkuta mahali pawili, ataandika zaidi. Na mwenye kura hupiga kura katika kituo alichoandikishwa tu, hata kama ng'ombe wake wako mwendo wa siku nne.

Liko pia jambo la vitambulisho. Kambi za wakimbizi za Dadaab zilifunguliwa mwaka 1991 na 1992. Wakati wa ukame wako Wakenya walioandikishwa humo ili wapate chakula, na baadaye majina yao yakawazuia kupata kitambulisho, na pasipo kitambulisho hapana kura. Februari 2025 Rais alitangaza kuondolewa kwa uchunguzi wa ziada waliofanyiwa waombaji wa vitambulisho katika kaunti za mpakani.

Pamoja na hayo yote, idadi ya walioandikishwa Garissa imepanda: zaidi ya 115,000 mwaka 2013, zaidi ya 163,000 mwaka 2017, na zaidi ya 201,000 mwaka 2022.

Katiba imeagiza mipaka iangaliwe upya kabla ya kupita miaka 12. Muda huo ulikwisha Machi 2024, nayo Tume ya Uchaguzi wakati huo haikuwa na makamishna. Wapya waliapishwa Julai 2025. Kwa hesabu ya 2019 wastani ni watu wapatao 164,000 kwa eneo, na ukiwagawanya watu wa Garissa kwa viti sita, kila kiti kina 140,000 hivi. Viti hivyo havimo hatarini kwa hesabu hiyo. Lakini eneo moja moja laweza kupungukiwa, na hapo ndipo ukoo na ukoo, kisima na kisima, huanza kushindana. Karani aandikaye jina kwa uaminifu, na mfugaji atoaye idadi ya kweli ya watu wa nyumba yake, wote wawili wanaupunguza ugomvi huo kabla haujafika mahakamani.